Vidole Vilivyokwama Kwenye Mkasi

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, vidole vyangu vilikwama kwenye mkasi. Nilikuwa nakata vitambaa vya sketi za shule tangu asubuhi, zile za marinda mengi, na nilipotaka kuuweka mkasi chini ili ninywe maji, mkono ulikwenda na mkasi ukaufuata. Kidole gumba kilikuwa kimefura kikalijaza tundu la mpini. Vile vingine vitatu vilikuwa vimebanana kwenye tundu la pili kama mandazi kwenye karai dogo. Nikavuta. Nikageuza. Nikavuta tena huku nikitabasamu, maana mbele yangu kulikuwa na foleni ya wazazi waliokuwa wamengoja mpaka dakika ya mwisho, kama kawaida yao, na sasa walitaka mimi ndiye niharakishe.

Mimi ni fundi wa nguo. Mashine yangu iko kwenye baraza la duka la vitambaa mjini Nakuru, duka ambalo mwenyewe alirithi kwa babake, na babake kwa babu aliyetoka Bara Hindi. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nje, ananikuta. Juu yetu kuna mabati, na mwezi wa Januari mabati hayo hayatukingi jua, yanatupikia. Vumbi linapanda kutoka barabarani, jasho linashuka kutoka kichwani, na vyote viwili vinakutana kwenye shingo yangu.

Basi foleni ilipoona nimefungwa pingu na mkasi wangu mwenyewe, kila mtu akawa daktari.

"Mathe, hiyo ni presha," akasema mama mmoja aliyekuja na watoto watatu. "Shosho yangu alianza hivyo hivyo."

"Alipona?"

"Alikufa. Lakini pia alikuwa amezeeka."

Mwanamume aliyekuwa nyuma yake akasema hapana, hiyo ni gauti, ugonjwa wa watu wa nyama. Akaniangalia kwa lawama, kana kwamba alinikuta nimejificha nyuma ya bucha na mguu mzima wa mbuzi. Nyama nilikuwa nimeiona Krismasi, na hata hiyo ilikuwa ya wageni.

Fundi mwenzangu, ambaye mashine yake iko hatua mbili kutoka yangu, hakusimama. Aliendelea kukanyaga mashine yake na kusema kwa ile sauti yake ya maombi, "Kuna mtu amekuonea wivu. Kikulacho ki nguoni mwako." Nikamwambia mimi nashona nguo kutwa nzima, kingekuwa nguoni ningekiona. Moyoni nilisema lingine. Tangu Desemba alikuwa akiihesabu foleni yangu kwa jicho la pembeni, na kama kuna wivu uliotumwa baraza lile, nilijua ulitoka mashine gani. Nyani haoni kundule.

Mwishowe mwenye duka akatoka na kopo la samli. "Mama, ni maji," akasema, akiniinua kiwiko kwa heshima. "Hii maji ya Nakuru si maji." Kwetu maji hulaumiwa kwa kila kitu, na si bure, kwa kuwa ndiyo yaliyotupaka meno rangi ya chai tangu utotoni. Yeye meno yake ni meupe. Ameyanunua. Alinipaka samli taratibu, kidole kimoja kimoja, na mkasi ukatoka kwa sauti ya aibu. Foleni ikapiga makofi. Mchana wote nilinukia kama jikoni kwake, na kuna msichana mmoja hapa mjini aliyefungua shule na doa la samli kwenye rinda la nyuma. Mamake hajalitambua bado, au ananiheshimu.

Nilicheka pamoja nao. Kitu ambacho sikuwaambia kilikuwa chini ya mashine. Viatu nilikuwa nimevivua zamani. Vifundo vya miguu havikuwepo, yaani havikuonekana; mguu ulishuka kutoka gotini mpaka kisiginoni ukiwa mnene sawasawa. Foleni ilipoisha niliinama kama mtu anayetafuta sindano, nikabonyeza kwa kidole gumba juu ya kisigino. Kishimo kikabaki. Kikabaki pale kwa muda, kama kwenye unga wa chapati.

Kishimo hicho nakijua. Mama yangu alikuwa nacho. Alikufa kwa figo, sasa ni miaka miwili, na ugonjwa wake ulianza hivi hivi, mwezi huu huu, vidole kwanza kisha miguu, nasi tukasema ni joto. Niliogopa. Sitaki kulizungusha hilo. Niliogopa kwamba nimeurithi, kwamba mwaka wa kesho nitakuwa nimelala pale alipolala, na kwamba kabla ya hapo vidole vyangu vitakuwa vimeshindwa na mkasi, na fundi asiyeshika mkasi ni mtu wa kukaa tu barazani na kupokea salamu.

Mtu mwenye akili akiogopa hivyo huenda hospitali. Mimi nilienda kemisti.

Kijana wa kemisti huvaa koti jeupe lililopigwa pasi vizuri kuliko la daktari yeyote niliyewahi kumwona, na mtaa mzima humwita daktari. Hakuangalia miguu yangu. Angelazimika kuinama. Aliuliza, "Inauma?" nikasema vidole vinauma kiasi, akageuka, akachukua vidonge vya maumivu, akanifungia kwenye karatasi. Kutwa mara tatu. Nilivimeza kwa utiifu ambao sijawahi kumpa mume wala mchungaji. Vilipoisha nikarudi kununua vingine. Maumivu yalipungua, uvimbe ukaongezeka, nami nikaamua kwamba vidonge vinafanya kazi ila joto ndilo lenye kichwa kigumu.

Jambo la pili nililofanya ni kuacha chumvi. Hapo sasa, tafadhali, nipewe kiti, kwa sababu katika habari za kuacha chumvi mimi nilikuwa profesa.

Mama alikaa nami nyumbani kwangu, mtaa wa Kiamunyi, miaka yake mitatu ya mwisho. Hospitali walisema asile chumvi, nami nikasikia. Siku hiyo hiyo niliitoa chumvi yote nyumbani, nikampa jirani. Mama alilalamika kwamba chakula kina ladha ya sufuria. Lakini mimi nina mkono wa kupika, na sijisifu, wengine wamesema. Nilitia nyanya nyingi, nikatia dania, na nikatumia magadi. Jikoni zetu huku kila moja ina kopo lake la magadi, yale mawe ya kijivu yanayouzwa sokoni. Unayaloweka, unachuja, maji yake unamimina kwenye githeri ili mahindi na maharagwe yalainike, kwenye managu na kunde ili uchungu upungue na mboga ikae kijani. Mama hakuwa na meno ya kutosha. Bila magadi githeri ingemshinda. Kwa hiyo niliyatia, na kwa kuwa yalikipa chakula ladha kidogo, nikayatia vizuri. Mama akaanza kumaliza sahani.

Akina mama wa kanisa walipokuja kumwona mgonjwa, niliwapakulia makusudi. "Hii haina chumvi kweli?" wangeuliza. "Hata punje," ningejibu, nikiangalia chini kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi. Sifa zangu zilifika mpaka Njoro.

Njoro ndiko anakoishi dada yangu mkubwa, kwenye shamba la mama, na ng'ombe wake wanne na maneno yake machache. Alikuwa anakuja Jumapili moja na kuruka nyingine, na mayai ya kienyeji kwenye kikapu. Jumapili moja nilitoka kuanika nguo nikamkuta amekaa kando ya kitanda, amemmenyea mama yai la kuchemsha, na kwenye goti lake amekunjua kikaratasi. Ndani ya kikaratasi kulikuwa na chumvi. Mama alichovya yai, akauma, akafumba macho.

Nilisema mengi siku hiyo. Dada alisema, "Ni kidogo tu. Ameomba." Nikamwambia kidogo kidogo ndicho kinachozika watu.

Mama alipokufa, kwenye matanga kule Njoro, mchungaji aliuliza nani atawaeleza waombolezaji jinsi ugonjwa ulivyokwenda. Nilisimama. Ndugu wote walikuwepo, na majirani, na watu wa chama, viti vya kukodisha vimejaa mpaka kwenye boma la ng'ombe. Nikasema, "Mama alikuwa ameanza kupata nafuu, mpaka mtu fulani alipomletea chumvi kwa karatasi." Sikutaja jina. Sikuhitaji. Vichwa viligeuka vyenyewe. Dada alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Aliendelea kumimina kwenye vikombe. Niliipenda sana sentensi ile. Niliirudia rohoni nikiwa njiani kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo yeye na mimi tulikuwa watu wa kusalimiana kwenye simu Krismasi, na salamu zenyewe zilikuwa fupi.

Sasa basi, Januari hii, hofu iliponishika, nilijua la kufanya. Nikamgawia jirani chumvi kwa mara ya pili. Nikajipikia kama nilivyompikia mama, githeri laini, managu ya kijani kibichi, bila punje. Februari ikaingia na jua lake lisilo na adabu. Miguu ikazidi. Nilishona nikiwa nimevaa ndala za kuogea, tena zile kubwa za wanaume, na pete ya ndoa nikaihamishia kwenye kidole kidogo, na huko nako ikabana.

Aliyenitoa pale ni yule yule fundi mwenzangu mwenye wivu. Asubuhi moja aliniona nikishindwa kutia uzi kwenye sindano mara ya tano. Akasimama, akafunika mashine yangu kwa turubai, akanishika mkono mbele ya wateja. "Leo tunaenda kliniki. Nimeomba vya kutosha." Alipoteza asubuhi yake nzima ya kazi akinisindikiza, nami njia nzima nilikuwa nawaza kwamba anataka kujua ugonjwa wangu aupeleke kanisani. Ndivyo nilivyo.

Daktari alikuwa msichana wa huku huku, umri wa kifungua mimba wangu. Yeye aliinama. Alibonyeza mguu, akakitazama kishimo, akanisikiliza moyo na mapafu, akapima presha, akachukua damu na mkojo, akasema nirudi baada ya siku mbili. Siku hizo mbili sikulala vizuri na sikumtukana mtu yeyote. Fundi mwenzangu aliliona hilo akaogopa kuliko mimi.

Niliporudi, daktari alisema, "Mama, figo yako iko sawa. Moyo uko sawa. Presha imepanda kidogo, tutaiangalia." Nilitaka kumbusu. Akaeleza kwamba joto hulegeza mishipa, na maji ya mwilini yanateremka chini, na mtu anayekaa kwenye kiti asubuhi mpaka jioni miguu ikining'inia ndiye anayeyapokea. Wengi hufura kidogo wakati wa jua. Nisimame, nitembee, usiku niinue miguu kwa mto.

"Lakini yako imezidi," akasema. "Kuna dawa unatumia?"

Nikamtajia vidonge vya kemisti. Akafumba macho kidogo. "Hizo zinafanya figo ishike maji. Wachana nazo kabisa, tutatafuta njia ingine ya vidole. Na chumvi?"

Swali hilo nilikuwa nimelingoja. Nilijiweka sawa kwenye kiti nikamhutubia. Nilimwambia nyumbani kwangu chumvi haiingii, kwamba nimemuuguza mama yangu miaka mitatu bila punje, kwamba watu walikuja kuonja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ya msichana anayelijua jiko la mamake, "Na mboga unapika aje? Unaweka magadi?"

"Kiasi."

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kiganja. Akaweka kalamu chini.

"Mama, kile kitu kwa chumvi kinashika maji mwilini, kiko pia ndani ya magadi. Umetoa chumvi na kijiko, ukairudisha na mawe."

Nilicheka. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mwili ulikuwa bado una furaha ya figo. Kicheko kikaisha chenyewe katikati. Nikamuuliza, "Na mtu ambaye figo zake ni mbovu tayari? Akila githeri ya magadi kila siku?"

"Huyo ndiye hafai kabisa kuonja."

"Kwa miaka mitatu?"

Akaniangalia. "Ni nani huyo?"

"Ni jirani," nikasema.

Akasema polepole kwamba figo zikishaharibika, mtu hawezi kujua ni kitu gani hasa kilizimaliza, na kwamba nimwambie huyo jirani asijilaumu. Nikamwambia nitamfikishia.

Nyumbani nilikaa jikoni na lile kopo mbele yangu. Nilijitetea vizuri sana. Nilisema mama alikuwa amezeeka. Nilisema waliniambia chumvi, hawakuniambia magadi. Hakuna aliyeuliza, na mimi ninayeuliza kila kitu sikuuliza. Nilisema nilimpenda, na hilo ni kweli, na nililia hapo, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Utetezi wote ulisimama mpaka ulipofika kwenye yai. Yai moja, Jumapili moja na kuruka nyingine. Na sufuria yangu kila siku, mchana na jioni, na mimi nikisimama kando nikimwambia, "Maliza, mama."

Uvimbe ulianza kupungua baada ya wiki moja. Vidonge niliviacha, kopo nililitupa, na kila saa nilisimama na kuzunguka baraza lote kama askari wa zamu, mwenye duka akinihesabia mizunguko. Yeye bado anasema ni maji. Vifundo vya miguu vilirejea, kwanza cha kushoto. Nilipata afya, na sikuwa tena na kisingizio cha kutokwenda Njoro.

Dada alinikuta langoni. Hakuniangalia usoni, aliangalia miguu. "Nilisikia umefura," akasema. "Sasa imepungua?" Njoro husikia kila kitu. Aliniketisha, akaleta chai, akaleta mayai ya kuchemsha kwenye bakuli. Mezani hapakuwa na chumvi.

"Chumvi iko wapi?" nikauliza.

"Hapa hakuna. Niliacha."

"Daktari alikukataza?"

"Hapana. Tangu mama." Akaanza kumenya yai. "Kila nikiishika naona kile kikaratasi. Na wewe uache kabisa, usicheze nayo. Mimi nilicheza nayo, uliona."

Nilimwambia. Nilimwambia yote, magadi, kiganja, kalamu ya daktari, na hata yule jirani. Alimaliza kumenya yai, akaliweka kwenye sahani, akaliangalia.

"Kwa hivyo siku ile," akasema, "mama alikula tu yai lake."

"Alikula tu yai lake."

"Na alisikia utamu."

"Alifumba macho," nikasema.

Aliinuka akaenda mlangoni, akasimama pale pale aliposimama na birika. Nilidhani analia. Aliporudi macho yake yalikuwa makavu kuliko yangu.

"Aprili tunakutana hapa wote kuweka msalaba kwa kaburi," akasema. "Mchungaji atakuwa, na wale wale watu. Ulinisema mbele yao."

"Nitasimama niseme."

"Utasema magadi? Ama utasema sisi sote tulikosea?"

Dada yangu ananijua. Hiyo ya sisi sote nilikuwa nimeshaipanga njiani, neno kwa neno, na ilikuwa nzuri sana.